Uhai Haupimwi kwa Asilimia

Msomaji, wahenga walisema: Hujafa hujaumbika. Maneno haya ni mawili tu, lakini ndani yake mna onyo la maisha mazima. Mtu azaliwaye na viungo vyake vyote hajamaliza kuumbwa. Huenda kesho akaumbwa upya na maradhi, au na uzee, au na gurudumu la gari. Kwa hiyo habari ya ulemavu si habari ya watu wengine. Ni habari yako na yangu, ila siku yake haitufikii sote kwa wakati mmoja. Nakuomba usome insha hii ukilikumbuka jambo hilo, kwa sababu nitakayoyasema yahusu mwisho wa uhai wa mtu, na nani aliye na haki ya kuuamua.

Tuanzie Athi River, katika Kaunti ya Machakos. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa utaufikia mji huo wa saruji na vumbi. Hapo ndipo lilipo eneo la viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nchi za nje, ambalo watu wote huliita EPZ, nalo limo katika mpango ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990. Alfajiri, jua halijapanda, utaona watu kwa maelfu, wengi wao wanawake na vijana, wakienda kwa miguu kuelekea langoni. Wengine wanayo kazi tayari. Wengine husimama nje ya lango wakingoja kuitwa. Ndani ya viwanda vya nguo wameketi safu kwa safu mbele ya cherehani za umeme. Mmoja ashona mfuko, wa pili ukosi, wa tatu mkono, na suruali au shati likitimia hufungwa katika sanduku kuvuka bahari.

Kila kiwanda kina kipimo chake. Kwa saa moja fundi apaswa kutoa idadi fulani ya vipande. Akiitimiza, ni fundi mwema; asipoitimiza, huonywa; akizidi kupungukiwa, nafasi yake hupewa mmoja wa wale wanaongoja nje ya lango. Nguo nayo hukaguliwa. Iliyonyooka hupita, yenye dosari hutengwa. Silaumu ukaguzi wa nguo. Nguo ni nguo, na mnunuzi ana haki ya kudai mshono uliotulia.

Lakini kipo kipimo kingine ambacho vijana wachache wakijua. Nchi ya Kenya ina sheria ya mwaka 2007 ya kuwalipa fidia watu wanaoumia kazini. Mwisho wa sheria hiyo pana jedwali. Jedwali lile lataja kiungo na asilimia yake: aliyepoteza kiungo hiki, asilimia kadha, aliyepoteza kile, asilimia kadha. Juu kabisa wametajwa waliopofuka macho yote mawili, waliopooza mwili mzima, na wale ambao majeraha yao yamewafanya walale kitandani daima. Hawa wote wameandikiwa asilimia 100. Fidia haina budi kuwa na hesabu, na pasipo jedwali mnyonge angepunjwa. Basi jedwali ni jema mahali pake. Lakini tufahamu vema kile linachokipima. Lapima mshahara uliopotea. Halipimi uhai uliobaki. Mtu aliyepoteza kazi yake kwa asilimia 100 hakupoteza utu wake hata kwa asilimia moja.

Hatari huanza jedwali linapohama mahali pake. Huanza pale kipimo cha kazi kinapotoka kiwandani, kikaingia wodini, kikasimama kando ya kitanda cha mgonjwa na kunong'ona: Huyu amekwisha, ya nini kumsumbua kwa mashine na mrija, na gharama isiyo na faida? Na hatari hutimia pale jaji mwenye joho lake na nia yake njema anapokiazima kipimo kile kile, akakiita kwa jina zuri la huruma, au heshima, au manufaa ya mgonjwa. Naandika kuipinga fikira hiyo. Nasema kwamba hapana mahakama iliyopewa mizani ya kupimia kama uhai wa mtu mwenye ulemavu wafaa kuishi. Na ya kwamba kabla ya sheria kuuliza kama mtu aruhusiwe kufa, sharti iulize amenyimwa nini hata akataka kufa, au hata wengine wakataka afe.

Tuseme kwamba fundi mmoja wa cherehani, msichana wa miaka 24, ametoka zamu ya usiku. Apanda pikipiki ili awahi nyumbani. Penye makutano ya barabara lori lampiga, na uti wa shingo wavunjika. Akili yake i salama, macho yaona, masikio yasikia. Lakini mikono na miguu haimtii tena, na kifua hakiwezi kuvuta pumzi bila msaada wa mashine. Miezi yapita. Siku moja msichana yule asema: Nizimieni mashine hii. Je, tumjibu nini?

Huenda wewe, kijana msomaji, ukajibu upesi: Mhurumieni, mpeni anachokitaka. Nakuomba usijibu upesi. Kaa kwanza kwenye kigoda kando ya kitanda chake umwulize. Nani hukugeuza usiku? Mama yako ameuza nini ili ulipiwe siku nyingine moja ya kulala hapa? Yupo mtu aliyewahi kukwambia kwamba waweza kutoka hospitalini ukaishi nyumbani? Ukigundua kwamba hakuna, basi ombi lake la kufa si jibu lake juu ya uhai. Ni jibu lake juu ya wodi ile, na juu ya deni lile, na juu ya upweke ule. Anayekimbia nyumba inayowaka moto hakuchagua kulala nje.

Msichana huyu nimembuni, lakini mambo yake yamekwisha kutukia. Marekani, katika jimbo la Georgia, alikuwako mtu jina lake Larry McAfee. Mwaka 1985 alianguka na pikipiki, akapooza kuanzia shingoni, akawa apumua kwa mashine. Fedha za bima zilipokwisha alihamishwa huku na huku, hata akatolewa nje ya jimbo lake, na kwa miezi mingi akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi hali hakuwa mahututi, ila hapakuwa na mahali pengine pa kumweka. Akaiomba mahakama ruhusa ya kuizima mashine yake. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Georgia ikampa ruhusa hiyo, kwa maneno ya huruma.

Watu wenye ulemavu waliisoma hukumu ile kwa uchungu. Walisema: Mtu ameomba nyumba akanyimwa, ameomba msaidizi akanyimwa, ameomba kazi akanyimwa, ameomba kifo, kapewa mara moja! Baadhi yao walimwendea, wakamfundisha kuendesha kompyuta bila mikono, wakamtafutia mahali pa kukaa nje ya hospitali. McAfee hakuitumia ruhusa ile. Aliishi mpaka mwaka 1995. Mashine ilikuwa ile ile, shingo ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mahali alipokaa na watu waliomzunguka. Kama majaji wangekuwa wamepima sawasawa, wangalikuta kwamba mzigo aliotaka kuutua haukuwa uhai wake.

Ama wale wasioweza kusema, habari yao ni nzito zaidi. Uingereza kulikuwa na kijana Tony Bland, aliyebanwa katika maafa ya uwanja wa mpira wa Hillsborough, mjini Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989. Mapafu yake yalikosa hewa, na sehemu ya ubongo inayompa mtu fahamu ikafa. Alipumua mwenyewe, lakini alilishwa kwa mrija. Wazazi wake wakaafikiana na madaktari kwamba kulishwa huko kukomeshwe. Mwezi wa Februari 1993 Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kuliko zote Uingereza, likaamua ya kuwa chakula kinachopitia mrijani ni sehemu ya uganga, na ya kuwa daktari hana wajibu wa kuendelea na uganga usiomfaa mgonjwa. Bland akafa mwezi uliofuata.

Siwahukumu wazazi wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami sikulala katika kitanda cha huzuni yao. Lakini hukumu ni kama njia porini: wa kwanza huipita kwa shida, na wanaomfuata huikuta imekwisha kufyekwa. Wazee wetu walisema, mgonjwa haulizwi uji. Kwao uji si dawa ambayo mganga huipa na kuinyima. Uji ni alama ya kuwa yule alalaye bado ni mmoja wetu. Chakula kikiisha kuitwa uganga, basi aliye na idhini ya kukikomesha ni mganga, na swali lililobaki ni moja tu: ni nani atakayefuata?

Swali hilo aliliuliza Mwingereza mwingine, Leslie Burke. Yeye alikuwa na maradhi ya ubongo yanayodhoofisha viungo kidogo kidogo, na alijua kwamba siku moja usemi utamtoka hali akili yake i macho. Aliogopa kwamba siku hiyo wengine watasema uhai wake hauna faida, nao wataacha kumpa chakula na maji, naye atasikia yote asiweze kujibu. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ilimkubalia. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg ikalikataa ombi lake. Kwa haki niseme kwamba majaji wa rufani hawakudharau hofu yake. Walisema kuwa sheria yamlinda tayari mgonjwa mwenye akili timamu anayetaka kulishwa, na ya kuwa daktari atakayemnyima makusudi atakuwa ameua. Lakini walisema pia kwamba mgonjwa hawezi kumlazimisha daktari atoe tiba ambayo daktari haioni kuwa yafaa. Angalia tofauti, msomaji. Anayekataa tiba ili afe, neno lake ni amri. Anayeomba tiba ili aishi, neno lake ni ombi. Mlango wa kutokea wafunguliwa na mgonjwa mwenyewe. Mlango wa kubakia wafunguliwa na mwingine.

Najua nitapingwa. Nitaambiwa: Wewe wadharau uhuru wa mtu. Mwili ni wake, maumivu ni yake, wewe ni nani hata umzuie? Hoja hii ina nguvu, wala sitaki kuipita kando. Kweli, mtu mzima mwenye akili ana haki ya kuikataa tiba asiyoitaka. Kweli, mauti hayana budi kuja, na si kila mashine yapaswa kuendeshwa milele. Mtu aliye ukingoni mwa maisha yafaa atulizwe maumivu na kuachwa afe kwa amani, pasipo kuteswa kwa dawa zisizofaa kitu. Kazi hiyo njema yafanywa hata kwetu. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Sipingi hayo hata kidogo.

Napinga jambo jingine. Napinga uhuru wa mlango mmoja. Mtu akiwekwa katika chumba chenye milango kumi, tisa ikafungwa kwa kufuli, kisha akaambiwa, chagua utakako, je, tutamsifu mfungaji kwa kuheshimu uhuru? Msichana wetu wa Athi River asiye na kiti cha magurudumu, asiye na msaidizi wala umeme wa kutegemea, asiye na njia ya kutoka katika chumba chake cha kupanga ghorofani, hakuchagua kufa miongoni mwa mambo mengi. Alichagua jambo pekee aliloachiwa.

Tazama mfano wa Kanada. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliondoa katazo la daktari kumsaidia mtu kufa. Sheria iliyotungwa mwaka 2016 iliweka sharti kwamba mauti ya mtu huyo yawe yanatazamiwa. Mwaka 2019 mahakama ya jimbo la Quebec ililiondoa sharti hilo, na mwaka 2021 Bunge likapanua sheria hata ikawaingiza watu wenye maradhi au ulemavu mzito, ijapokuwa kifo chao hakiko karibu. Kwa miaka michache tu, msaada uliotolewa kwa wanaokaribia kufa ukawafikia wasiokaribia kufa. Ni kweli kwamba waliofungua ile kesi ya Quebec walikuwa wenyewe watu wenye ulemavu, na uchungu wao sina ruhusa ya kuubeza. Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya watu wawili. Mtu asiye na ulemavu akisema, nataka kufa, jirani hukimbia kumzuia na kumtafutia tiba. Mwenye ulemavu akisema neno lile lile, sheria hiyo humletea fomu. Huo ndio ubaguzi wenyewe, hata ukivikwa kanzu ya huruma. Mwezi wa Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za watu wenye ulemavu iliitaka Kanada iifute sehemu hiyo ya sheria yake.

Sasa turudi nyumbani, tusije tukawa kama nyani asiyeona kundule. Huenda ukasema: Mambo hayo ni ya Wazungu. Kwetu Kenya Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 26, yasema kila mtu ana haki ya kuishi. Na Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 225, yamtisha kwa kifungo cha maisha yeyote amsaidiaye mwenzake kujiua. Basi sisi tumesalimika! La, hatujasalimika. Kwetu mtu mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu haulizwi kama ataka kufa. Huachwa tu katika foleni mpaka afe, na foleni haina jina, wala haishitakiwi kwa kosa lolote. Mwezi wa Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari jijini Nairobi alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafa. Na hali kifungu cha 43 cha Katiba chasema kuwa hapana mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Msichana wetu na lori lake angeanzia hapo, katika foleni ile, kabla ya jaji yeyote kulisikia jina lake.

Foleni nayo imekwisha kufika mahakamani. Afrika Kusini, mwaka 1997, Thiagraj Soobramoney, mtu mwenye figo zisizofanya kazi, aliiomba Mahakama ya Katiba iamuru asafishwe damu kwa mashine katika hospitali ya Serikali mjini Durban. Mashine zilikuwa chache. Hospitali iliweka kanuni kwamba zitumiwe kwanza kwa wale wanaoweza kubadilishiwa figo, nao sharti wawe hawana maradhi makubwa ya moyo na mishipa. Soobramoney alikuwa nayo. Mahakama ilisikitika, ikamkatalia kwa sababu ya uhaba wa fedha, naye akafa siku chache baadaye. Hapa Kenya, Luco Njagi na wenzake 21, wagonjwa wa figo waliotegemea Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, walikwenda Mahakama Kuu wakiomba Serikali iwalipie kusafishwa damu katika hospitali za watu binafsi, kwa kuwa mashine za Kenyatta hazikutosha. Mwaka 2015 ombi lao lilikataliwa. Mahakama iliona kwamba Serikali inachukua hatua kadiri ya uwezo wake.

Nitaambiwa tena: Umaskini si ubaguzi. Fedha haipo, jaji afanye nini? Najibu hivi. Ni kweli, chungu kimoja hakiwatoshi wote, na jaji hawezi kuchapisha fedha. Lakini Katiba yenyewe, katika kifungu cha 20, yasema kwamba Serikali ikidai haina mali ya kutimizia haki ya afya, ni juu yake kuthibitisha kuwa haina. Na katika kifungu cha 260 Katiba yaeleza maana ya ulemavu kwa upana, hata ikataja hali au maradhi yanayomzuia mtu kwa muda mrefu kufanya shughuli zake za kila siku. Basi aliyefungwa na mashine ya figo mara kwa mara kila juma, maisha yake yote, asihesabiwe kuwa mgonjwa tu. Kwa tafsiri hiyo anao mlango wa kuingilia katika haki za watu wenye ulemavu. Swali ninalotaka liulizwe mbele ya kila jaji katika kesi za namna hii si kama fedha ni chache tu. Ni hili pia: Foleni hii imepangwaje, na ni nani aliyewekwa nyuma? Ikiwa kila mwenye maradhi mawili awekwa nyuma ya mwenye moja, na kila asiyeweza kutembea awekwa nyuma ya anayetembea, basi hiyo si foleni ya haki. Ni ukaguzi wa nguo: yenye dosari itengwe.

Tena Kenya iliukubali mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kwa kifungu cha 2 cha Katiba mikataba ya namna hiyo ni sehemu ya sheria za nchi. Mkataba huo, katika kifungu cha 25, wakataza mtu kunyimwa matibabu, au chakula na maji, kwa sababu ya ulemavu wake. Tazama maneno hayo: chakula na maji. Waliouandika walikuwamo watu wenye ulemavu wenyewe, nao walijua wanaogopa nini.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Mahakama zetu zimewasha taa moja ambayo nchi nyingi zapaswa kuitazama. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mhalifu yeyote aliyejaribu kujiua; aliokolewa leo, kesho akatiwa pingu. Tarehe 9 Januari 2025, katika kesi iliyoletwa kwa niaba ya watu wenye maradhi ya akili, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba, kwa kuwa chawabagua watu kwa ajili ya afya yao na kuwavunjia heshima. Waona jinsi njia mbili zinavyoachana? Kwa huyu aliyechoka na maisha, mahakama haikusema, mwadhibuni. Wala haikusema, msaidieni afe. Ilimwona kuwa ni mtu mwenye haki ya kutunzwa. Huo ndio mtazamo ninaoutetea. Anayesema ataka kufa amepiga ukelele, na ukelele hujibiwa kwa watu kukimbilia.

Basi nataka nini? Nataka mambo matatu. La kwanza, hapana hukumu juu ya uhai wa mtu mwenye ulemavu itolewe bila watu wenye ulemavu kusikilizwa mahakamani, si kama vielelezo vya kuonewa huruma, bali kama mashahidi wenye ujuzi. Wao wamelala katika kitanda kile. Wanawajua kunguni wake, na wanajua pia kwamba mtu huweza kulala humo, akacheka, akapenda, akalea watoto. La pili, kabla ya ombi lolote la kuachwa kufa halijajibiwa, iulizwe kwa kiapo ni msaada gani uliotolewa, na ni upi ulionyimwa. La tatu, fedha tunazokatwa zitumike kwa kazi iliyotajwa. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa bima mpya ya afya, na fundi wa EPZ hukatwa sawa na wengine. Sheria ya mwaka 2023 iliyoanzisha bima hiyo yataja pia hazina ya dharura, ya maradhi sugu na ya wagonjwa mahututi. Fundi yule alitoa asilimia yake alipokuwa mzima. Asije akaambiwa, siku atakayopooza, kwamba sasa ni zamu ya kuupima uhai wake.

Wewe usomaye kurasa hizi bado uko shuleni. Miaka michache ijayo utakuwa daktari mwenye zamu ya usiku, au wakili, au jaji, au mbunge anyoshaye mkono sheria ipite. Au utakuwa kaka mkubwa, na jamaa wote watakutazama wewe mlangoni mwa wodi wakingoja neno lako. Siku hiyo utasikia sauti ya hesabu ikikwambia kwa upole kwamba huyu hana faida tena. Usiitii. Uliza kwanza huyu amenyimwa nini, kisha ukakitafute.

Na siku ukipita Athi River alfajiri, simama kidogo penye lango la EPZ uwatazame wale wanaoingia. Hakuna ajuaye ni yupi kati yao atakayerudi jioni amebebwa. Ajuavyo kila mmoja wao ni hili tu: ndani ya lango atahesabiwa kwa vipande. Tusikubali kamwe ahesabiwe hivyo nje ya lango, kitandani, na mahakamani. Hujafa hujaumbika, na wewe unayehukumu leo, kitanda chako bado kinachongwa.